Chini Kabisa ya Sanduku

Miaka yangu yote ya ukarani wa mirathi imepita kwenye masanduku ya marehemu: kufungua, kuhesabu, kuandika. Warithi wengi huamini kilichofichwa ni dhahabu au ni aibu. Kazi imenifundisha vingine: mtu huficha zaidi kile asichotaka kiwe mzigo kwa wengine. Tazama sanduku la mama wa pwani. Juu pana nguo za kutokea. Chini kabisa, penye harufu ya asumini iliyokauka, mna doti za kanga ambazo hazijakatwa wala kukungwa, ngumu kama zilivyotoka dukani, na kando yake bafta nyeupe, udi na kipande cha sabuni. Bafta hiyo ni ya sanda. Sanda ya mwanamke ni nguo tano, na mwenyewe keshaipima. Sheria ya mirathi ya Kiislamu huanza na gharama za mazishi, ikafuata madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo wagawiwe warithi. Aliyejiwekea sanda keshaupunguza mzigo wa kwanza kabla karani hajafungua daftari. Hapo sioni uchoyo hata chembe, naona huruma.

Mtu ataniambia kwamba kanga aghalabu hupewa, na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni kauli ya aliyeitoa. Kweli kabisa, ndiyo maana sikumpima mtu kwa jina la kanga yake. Kanga nyingi zina maneno “Mali ya Abdulla”, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887, na hakuna mrithi aliyedhani kwa hayo kwamba kanga si ya mamaye. Ninachosoma mimi ni mkunjo. Doti iliyokunjuliwa na kukunjwa miaka nenda miaka rudi hulegea na kupauka kwenye mstari ule ule, hata kama haijapata kuvaliwa. Maneno ni ya mtoaji, lakini mkunjo ni wa mwenye sanduku, na unaonyesha alichokuwa akikirudia peke yake.

Wapo pia, nakubali, wanaoficha deni. Lakini anayetaka deni lipotee huichana karatasi yake. Aliyeikunja akaifundika kwenye pindo la kanga, akaiweka juu ya sanda yake, alijua mkono wa kwanza kuifikia sanda utaikuta karatasi pia. Nalo deni huandikwa kabla ya jina la mrithi yeyote.