Kiziwi Aliyetunga Muziki

Sisi tunaofundisha kuimba twajua ya kuwa wimbo mzuri hujengwa kwa sauti nne, kila moja ikishika njia yake, na zote zikipatana. Huko Ulaya watungaji walifanya vivyo hivyo kwa vyombo vya nyuzi vipigwavyo kwa uta, kama zeze: fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kupita fidla, na selo yenye sauti nzito. Wapigaji ni wanne tu, wala hapana mtu wa kuwaongoza. Hutazamana na kusikilizana. Katika kazi za namna hii twataka kueleza moja.

Bedřich Smetana alizaliwa mwaka 1824 huko Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alifiwa na binti zake watatu, na mwaka 1859 akafiwa na mkewe, Kateřina. Mwaka 1874 masikio yake yalianza kuvuma na kulia mluzi, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa kiziwi kabisa. Mwaka 1876, akikaa kwa binti yake katika kijiji cha Jabkenice, aliitunga kazi hii, akaiita ‘Kutoka Maishani Mwangu’. Sauti zake zote alizisikia moyoni tu.

Kazi hii ina sehemu nne. Katika ya kwanza viola yaanza kwa ukali, kama mtu aonyaye juu ya msiba ujao. Humo mna ujana wake na jinsi alivyoipenda sanaa. Ya pili ni polka, ngoma ya kwao, maana katika ujana wake alipenda mno kucheza. Ya tatu yaanzwa na selo peke yake, polepole. Hapo amkumbuka msichana aliyempenda, ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Ya nne ni furaha ya mtu aliyeona njia ya kutunga muziki wenye roho ya taifa lake. Vyombo vyote vyaenda mbio kwa shangwe, mara vyanyamaza. Kisha nyuzi za chini zatetemeka, na juu yake fidla ya kwanza yashika sauti moja nyembamba, ya juu sana. Ndiyo ile iliyomlilia masikioni. Baadaye nyimbo za mwanzo zarudi kidogo, na yote yaisha taratibu.

Chama kimoja cha muziki cha Prague kiliikataa, kikisema ni ngumu mno kupigwa. Hata hivyo mwaka 1878 ilipigwa nyumbani mbele ya marafiki, naye Antonín Dvořák, mtungaji mwenzake, akashika viola. Na mwaka 1879 ikapigwa mbele ya watu wote.

Smetana angaliweza kuijaza kazi yote kilio, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini msiba wake aliupa sauti moja tu, na mahali palipobaki akawapa ujana, ngoma na mke aliyempenda. Kwa hiyo sisi tusikiapo sauti ile hatumhurumii tu kama kiziwi. Twajua pia ni mambo gani mema yaliyonyamazishwa masikioni mwake.