Ukuta wa Kivulini na Safari ya Amani

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunapo mahali fulani uani ambapo jua halifiki. Kwangu mimi, hapa Tanga mjini, ni ule uwazi kati ya jiko na ukuta wa jirani. Mwembe wake umeufunika wote. Jua huchungulia mnamo saa nne asubuhi, kisha huondoka. Hapo ndipo mama yangu mzazi hupenda kuketi tangu alipopooza upande wa kushoto, maana ndani ya nyumba kuna joto. Alikuwa akishinda hapo akiutazama ukuta mtupu uliofanya ukungu.

Nilijaribu kuupamba. Kwanza nilipanda bogonvilia. Ilirefuka kama fimbo ikitafuta jua, wala haikutoa ua hata moja. Nikapanda pasheni, nayo ikatoa majani tu. Nililaumu udongo, nikalaumu mbolea, kumbe mimea hiyo yote miwili hutaka jua la kutosha. Mara ya tatu nikachukua ule mmea wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya manjano, ambao watu huupanda kwenye makopo barazani. Huo ulistawi kwelikweli na kuupanda ukuta. Lakini siku moja mjukuu wangu, wa mwaka mmoja na nusu, alitafuna jani lake. Alilia sana, mate yakamtoka, midomo ikavimba. Muuguzi alitueleza kuwa majani yale yana chembe kali kama sindano ndogo zinazochoma kinywa. Mtoto alisuuzwa kinywa, na kufikia jioni alikuwa anacheza. Baba yake aliung'oa mmea usiku uleule bila kuniuliza, nami sikumlaumu.

Ukuta ukarudi utupu wake. Asubuhi yake mama, ambaye siku hizo alikuwa anasema kidogo sana, akaniambia, "Kwetu hakuna mti mtupu."

Kwetu anakokutaja ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Daktari alikuwa amemkataza safari ya barabara mbovu. Basi nikaona niende mimi, nimwulize mama mdogo ni mmea gani unaokaa kivulini bila kudhuru mtoto.

Kutoka Muheza gari lilipita Bombani na Kisiwani, kisha Sigi, ambako bado ipo nyumba ya stesheni ya ile reli ndogo ya zamani ya Wajerumani. Kutoka hapo ni kupanda tu, kona baada ya kona. Hewa inabadilika, nilivaa sweta mchana. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, wakaleta miti na mimea kutoka pande nyingi za dunia. Msitu wenyewe umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Nilipokuwa natembea kandokando yake nilielewa maneno ya mama. Kila shina limevikwa: kuvu, jamii za kangaga, na mimea inayopanda kwa mizizi midogo kama vidole. Nilitamani kukata kipande kimoja. Mama mdogo alinishika mkono. "Mwanangu, vya hifadhini havichukuliwi. Njoo shambani kwangu."

Shamba lake ni kivuli kitupu. Chini iliki, juu mikarafuu na midalasini, na kwenye mashina ya miti mingine umepanda mpilipili manga. Huu ni mmea uliotoka pwani ya Malabari, India, na umezoea kuishi chini ya miti mikubwa. Majani yake ni ya kijani iliyoiva, yanang'aa, hayaogopi kivuli. Alikuwa pia na vanila, nayo ni mtambaazi wa kivulini, na kwa kweli ndiyo niliyoipenda zaidi kwa macho. Mama mdogo akacheka. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu hapana mdudu wa kulichavusha. Ni lazima mtu alichavushe kwa kijiti, ua kwa ua. "Nani atafanya? Wewe uko kazini, na dada yangu ana mkono mmoja." Sikuwa na jibu.

Alinifundisha kuchagua vipande vya mpilipili manga. Usikate tawi la ubavuni, alisema. Hilo halitapanda kamwe, litabaki kichaka. Kata kwenye shina linaloparamia, lenye vifundo vitatu au zaidi, ufukie viwili. Nilirudi na vipande sita ndani ya majani mabichi ya mgomba. Viwili vilikufa.

Saruji ya ukuta ilikuwa laini mno kwa mizizi ile. Nikasimamisha nguzo mbili karibu na ukuta, nikazifunga kwa makumbi ya nazi, na kila jioni makumbi hayo yalinyunyiziwa maji. Shimo lilitiwa mbolea ya samadi na kokoto chini, kwa sababu maji yakituama mizizi huoza. Kivuli kikizidi, mmea hutoa majani bila pilipili. Ilinibidi nimwombe jirani apunguze matawi mawili ya mwembe. Alikubali, ila embe zinazoangukia kwangu akasema bado ni zake.

Mama ndiye aliyesimamia. Kila mtoto aliyepita aliulizwa kama amenyunyizia maji. Mmea ulipofikia ncha ya ukuta, alinitaka nimhesabie vifundo, nami nikasahau chakula jikoni kikaungua.

Mwaka wa tatu vilitoka vishada vya kwanza, vichache, vyembamba kama mkia wa panya. Punje moja mbili zilipoanza kuwa nyekundu tulivichuma, tukavianika kwenye ungo hadi vikawa vyeusi. Mjukuu alionja moja, akatema, akakimbilia maji huku akicheka. Mama alisugua punje kwa vidole vya mkono wake mzima, akainusa kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mdogo wake bado anaanika iliki kwenye lile jamvi la zamani.