Ramani Ilipojaa Herufi

Msonge ambao wengi tunaukumbuka Teso na Bukhayo, huku Busia, haukuhitaji karatasi, na si kwa kuwa wajenzi wake hawakujua kuchora. Walichora: kigingi katikati, kamba, duara ardhini. Kipimo kilikuwa kimoja, urefu wa kamba. Mengine yote yalionekana kwa macho. Mabati yalipoleta nyumba ya pembe nne vipimo viliongezeka, lakini viliendelea kukaa mdomoni. Vyumba vya kupangisha karibu na barabara ya malori pale Malaba viliagizwa kwa maneno matatu, "kumi kwa kumi", na fundi akajua ni futi.

Naona kilicholeta alama kwenye ramani si shule wala ofisi ya mipango, ingawa tangu 2013 kaunti ndiyo hupitisha ramani. Ni bomba. Choo kilipokuwa nyuma ya ploti, kila mpangaji alijua shimo liko wapi. Kilipoingia ndani, tena ghorofani, maji machafu yalianza kupita pasipoonekana, na hapo karatasi ikajaa MH, shimo la ukaguzi, na GT, kile kishimo cha nje kinachopokea maji ya jikoni na kuzuia harufu isirudi. Robo duara ya mlango kwenye ramani hukuambia kitanda kitakosa nafasi wapi, jambo ambalo ungeligundua siku ya kuhamia hata hivyo. Bomba la milimita 100 lililolazwa bila mteremko wa karibu 1 kwa 40 halijitangazi mpaka sakafu imekwisha kumwagwa zege.

Mafundi wana jibu lao: ramani ni ya kaunti, nyumba ni ya fundi. Kwa ukuta nawakubalia nusu. Futi kumi ni milimita 3048, ramani ikiandika 3000 kitanda hakijali (vigae vinajali). Ila anayelaza bomba kwa mazoea humwachia mwenye nyumba gharama ya kubomoa, naye hana cha kumdai kama hakujua kusoma kilichochorwa. Wengine husema siku hizi simu inatosha, kwani picha ya rangi huonyesha nyumba ilivyo, hata maua ya kwenye kochi. Ni kweli, inapendeza. Lakini mtafute humo MH: hayupo, na mwenye ploti Busia atalipia kochi lile kabla ya kuuliza maji ya chooni yanaelekea upande gani.