Kenya Katika Magazeti ya London

Mtu wa Kenya afikapo London, wenyeji humwelekeza kwenye majumba ya wafalme na madaraja ya mto Thames. Mimi ningemshauri aende barabara ya Euston, karibu na stesheni ya St Pancras, iliko Maktaba ya Uingereza. Humo mna chumba cha magazeti kilichofunguliwa mwaka 2014. Mengi ya kale yamepigwa picha ndogo ndogo juu ya ukanda wa filamu, nawe huuzungusha mashineni hata uifikie tarehe uitakayo. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Utanakili kwa penseli kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilipokuwa huko kwa mafunzo ya kazi, niliomba magazeti ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa kwetu tarehe 20 Oktoba, 1952. Limshikalo kwanza msomaji wa Kenya ni jinsi vifo vilivyopimwa. Januari, 1953, Bwana na Bibi Ruck na mtoto wao mdogo waliuawa shambani mwao Kinangop, na habari hiyo ilivuma Uingereza nzima. Ulikuwa ukatili mkubwa, wala hapana mwenye kuutetea. Lakini usiku uo huo aliuawa pia mfanyakazi wao Mwafrika, na jina lake halikuvuma hivyo. Hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha kuwa raia Wazungu waliouawa katika vita vile ni 32, na raia Waafrika ni zaidi ya 1,800. Aliyesoma vichwa vya habari tu huku akinywa chai yake angedhani hesabu ni kinyume.

Hata hivyo, si haki kuyalaumu magazeti yote. Mwaka 1955 Daily Mirror lilimtuma Bibi Barbara Castle, mjumbe wa Bunge, aje Kenya kuchunguza jinsi haki ilivyotendeka. Tena tarehe 3 Machi, 1959, walipokufa mahabusu 11 katika kambi ya Hola, taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulidhihirisha kuwa walipigwa, na mwezi wa Julai Bunge la London lilijadili jambo hilo hata usiku wa manane. Basi Mkenya aliyekuwako huko siku zile aliweza kuzinunua habari za Hola kwa peni chache tu njiani, naye yuko mbali na Hola maelfu ya maili.

Niliporudi nyumbani Nyeri nilimsomea nyanya yangu niliyoyanakili. Yeye alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya milioni moja waliohamishiwa vijijini kwa amri tangu mwaka 1954. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza, “Mjukuu wangu, na ule mtaro tuliochimbishwa kando ya msitu, waliuandika?”

Nikamjibu, “Nyanya, katika kurasa nilizosoma mimi, sikuuona.”