London ya Akina Wren

Ukitaka kuijua London ya kale, ile sehemu ndogo wanayoiita City, shuka kituo cha Bank, tia simu mfukoni utembee. Vichochoro vyake bado vinafuata njia za zamani, na kila ukikata kona mbili tatu unakutana na mnara wa kanisa uliobanwa na maghorofa ya vioo. Ukiuliza ni kazi ya nani, mara nyingi utatajiwa jina moja: Wren.

Wren ni ndege mdogo wa kahawia wa vichakani, na Waingereza kadhaa wanalo kama jina la ukoo. Lakini hapa jina lina mwenyewe. Kabla ya msanifu majengo Christopher Wren, akina Wren walijulikana kwa ukasisi. Baba yake mkubwa, Askofu Matthew Wren wa Ely, alikaa kifungoni Tower of London karibu miaka 18, wakati Bunge na mfalme walipokosana. Alipotoka, alitaka kujenga kanisa katika chuo cha Pembroke, Cambridge, na kazi akampa mtoto wa mdogo wake. Hivyo undugu ndio uliomwingiza Christopher katika ujenzi. Kilichofuata ni moto.

Moto wenyewe ulizuka tarehe 2 Septemba 1666 kwa mwoka mikate wa mtaa wa Pudding Lane, ukala nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Kufa kufaana. Wren alikuwa na miaka 33, profesa wa elimu ya falaki pale Oxford, mtu wa nyota na hesabu ambaye hakuwahi kukaa chini ya fundi yeyote kujifunza ujenzi. Ushuru ukatozwa kwenye makaa ya mawe yaliyoingia London, na kwa fedha hizo ofisi yake ikasimamisha upya makanisa 51, mbali na kanisa kuu la St Paul's.

St Paul's lilianza kujengwa 1675, likatangazwa kuwa limekamilika 1711. Kimo chake ni mita 111, nalo lilibaki jengo refu kuliko yote London hadi miaka ya 1960. Wageni hulipiga picha wakaondoka, bila kujua kwamba wamechezewa akili. Kuba unaloliona ukiwa nje silo utakaloliona ukiingia ndani. Wren alijua kwamba kuba la kuonekana kutoka mbali lazima lipande juu sana, na kwamba mtu aliyesimama chini yake atajiona yuko ndani ya kisima. Akajenga mawili, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia: la ndani liko chini, linawapendeza waumini, la nje ni mbao zilizofunikwa kwa risasi, linaupendeza mji. Kati ya makuba hayo mawili kuna pia ya matofali isiyoonekana na mtu, na hiyo ndiyo inayobeba ule mnara wa mawe wa juu kabisa, wenye uzito wa takribani tani 850. Hapo utamjua mwanahesabu.

Bunge halikuvutiwa na hesabu hizo. Mwaka 1697 lilizuia nusu ya mshahara wake, pauni 100 kwa mwaka, mpaka amalize. Husimuliwa kwamba uzeeni alikuwa akipandishwa kwa kapu hadi darini kukagua kazi. Alifariki 1723 akiwa na miaka 90, akazikwa chini ya kanisa hilo hilo, na maandishi ya Kilatini pale kaburini yanamwambia anayetafuta ukumbusho wake aangalie tu pande zote.

Pamoja na hayo yote, mimi St Paul's nalipa nafasi ya pili. La kwanza kwangu ni St Stephen Walbrook, hatua chache kutoka Bank, lililojengwa kuanzia 1672. Nje halina la kukusimamisha. Ingia ndani: kuba limekaa juu ya matao manane, mwanga unamwagika kutoka juu, na katikati kuna madhabahu ya mviringo ya jiwe, kazi ya mchongaji Henry Moore, ambayo wenye ulimi mkali waliifananisha na jibini. Hapa ndipo kasisi Chad Varah alipoanzisha mwaka 1953 huduma ya Samaritans, ya kuwasikiliza kwa simu watu waliokata tamaa.

Makanisa mengine hayakubahatika. Baadhi yalibomolewa karne ya 19, mengine yakapigwa na mabomu ya Wajerumani. St Mary Aldermanbury liliungua 1940, na miaka ya 1960 mawe yake yalisafirishwa hadi Fulton, Missouri, Marekani, yakajengwa upya kumkumbuka Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. La St Dunstan-in-the-East umebaki mnara wa Wren na kuta tupu. Ndani yake wamepanda bustani, na wafanyakazi wa maofisini huja kula chakula cha mchana chini ya madirisha yasiyo na vioo. Sijaona gofu lililotunzwa vizuri hivyo.

Ukibakiwa na nusu siku, panda boti uende Greenwich. Kituo cha kutazamia nyota kilichoko kilimani ni cha Wren, cha 1675, na mwaka 1884 mataifa yalikubaliana kwamba longitudo ya sifuri ipite hapo. Ndiyo maana saa za Nairobi na Dar es Salaam zinahesabiwa saa tatu mbele ya Greenwich. Chini, ukingoni mwa mto, ni iliyokuwa hospitali ya mabaharia, ambayo Wren aliipasua pande mbili kwa sababu Malkia Mary II hakutaka nyumba iliyo nyuma ya hospitali hiyo ifungiwe mandhari ya mto.

Nenda siku ya kazi, adhuhuri. Makanisa mengi ya City hufungwa Jumamosi, mengine hata Jumapili. St Paul's mtalii hulipa kiingilio, ila anayekuja kusali ibada ya jioni haingii kwa tiketi. Na kule St Stephen Walbrook mlango ukiwa wazi, hutozwi kitu.