Kamera ya marehemu: namna ya kurudishiwa kifaa bila kughushi

Ukiwa mwandishi wa programu, jamaa zako hukuhesabu kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Printa ikikwama, unapigiwa wewe. Runinga ikikataa kushika stesheni, ni wewe tena. Kazi nyingi za namna hiyo huisha kwa kuzima kifaa na kukiwasha upya. Hii ninayowasimulia leo ilichukua zaidi ya mwezi mzima, na nimeona niiandike kwa sababu najua nyumba nyingi zina kamera za usalama ambazo akaunti yake iko kwenye simu ya mtu mmoja tu.

Mambo yalikuwa hivi. Baba mdogo alikuwa na shamba dogo pande za Molo. Baada ya kuibiwa mitamba wawili, alinunua kamera ya intaneti akaifunga juu ya zizi, ikitazama lango. Akaunti aliifungua kwa nambari yake ya simu, bila barua pepe. Mwaka huu akafariki katika ajali ya barabarani, na simu yake ikasagika humo humo. Mazishi yakapita. Wiki ya tatu, usiku wa manane, mbwa walibweka kwa muda mrefu, na asubuhi mama mdogo akakuta komeo la lango limesogezwa. Kamera ilikuwa pale pale juu, taa yake ya kijani ikiwaka, lakini hakukuwa na mtu wa kuiuliza imeona nini.

Binamu yangu akaweka programu ya kamera kwenye simu ya mama yake, akaandika nambari ya marehemu, akaanza kubahatisha nywila. Mara tano, akaunti ikafungwa kwa saa moja. Akarudia. Safari hii ikafungwa kabisa, na ujumbe ukatokea: ili kufungua, weka tarakimu sita tulizotuma kwa simu yako. Simu ipi? Ndipo nikapigiwa.

Kadi kwanza, akaunti baadaye

Swali la kwanza nililomuuliza mama mdogo lilikuwa hili: "Mama, hiyo kamera ina kadi ndani?" Ilikuwa nayo, kadi ndogo ya GB 64, kama zile za simu. Nikamwomba amwambie kijana achomoe umeme wa kamera, aitoe kadi, aitie kwenye bahasha, na asiguse kitu kingine.

Haraka ilikuwa ya nini? Hebu tupige hesabu. Picha za kamera kama hii zikibanwa vizuri hula megabiti 1 kwa sekunde. Hiyo ni kama GB 10.8 kwa siku nzima, kwa hiyo kadi ya GB 64 ikirekodi mfululizo hujaa chini ya siku 6. Yetu ilikuwa inarekodi pale tu kitu kinaposogea, tuseme saa 4 kwa siku, yaani GB 1.8. Kadi hiyo hudumu siku 35 hivi. Ikijaa, kamera haisimami, bali hufuta siku ya zamani zaidi ili ipate nafasi ya siku mpya. Baba mdogo alikuwa amefariki siku 23 zilizopita. Kwa hiyo kwenye kadi zilibaki siku zake kama 12, na kila kukicha moja ilikuwa inafutwa ili kupisha picha za kuku wakivuka lango.

Tena kamera nyingine, ukizisajili upya, huifuta kadi yote. Ndiyo maana kadi hutolewa kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Nilipofika Molo niliitia kwenye ule mkoba wake wa plastiki wenye kijiti cha kufungia pembeni, nikakisukuma upande wa kufunga ili tarakilishi isome tu isiandike, kisha nikanakili kila kitu mara mbili. Kama tarakilishi yako itakuuliza iwapo unataka kuifomati kadi, kataa! Kuna kamera zinazosimba faili zake zisisomeke kwingine. Yetu haikuwa na ujanja huo. Zilikuwa video fupi fupi katika folda za tarehe.

Usiku ule wa mbwa ulikuwemo. Mtu mwenye koti refu na viatu vya mpira alisimama langoni kwa dakika nne, akalipapasa komeo, akamulika zizi kwa tochi, akaondoka. Uso haukuonekana. Nakala moja tukampelekea mzee wa Nyumba Kumi, nyingine polisi. Na kuanzia hapo tulijua hatuhitaji kumbukumbu tu. Mama mdogo alihitaji kuona lango lake akiwa kitandani, usiku huo huo.

Kwa nini mlango ulifungwa

Ni rahisi kukasirika na mashine inapokukatalia mali yako. Lakini mimi huandika milango ya aina hii kazini, na najua sababu yake. Tarakimu sita hutoa michanganyiko milioni moja. Programu inayojaribu 100 kwa sekunde huimaliza yote kwa sekunde 10,000, yaani chini ya saa tatu. Kinachomzuia ni ile hesabu ya makosa: ukikosea mara kadhaa, mlango unafungwa.

Na kwa kamera, mlango huo una uzito wake. Mwezi wa Desemba 2019 huko Marekani, watu wasiojulikana waliingia katika akaunti za kamera za Ring wakaanza kuzungumza na wenye nyumba kupitia spika, na katika kisa kimoja jimboni Mississippi walimsemesha mtoto chumbani mwake. Kampuni ilisema wahalifu walitumia nywila zilizovuja kwingineko. Februari 2020 ikalazimisha uthibitisho wa hatua mbili kwa wateja wote. Kwa hiyo mlango uliotukatalia ndio huo huo unaomzuia yule mwenye tochi asilitazame boma la mama mdogo akiwa kwao.

Ya mia tano

Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alitupa njia ya mkato. Kuna kijana sokoni, akasema, mpe nambari ya marehemu na nambari ya kitambulisho chake, umwongezee shilingi mia tano, na laini itawaka kwenye simu yako kabla ya chai ya saa nne. Tarakimu sita zingeingia, mchezo ungekwisha.

Nilikataa, na mama mdogo akanitazama kwa mshangao, maana yeye ndiye anayelala pale. Nikamweleza: kijana anayeweza kufanya hivyo kwa laini ya mume wako anaweza kufanya hivyo kwa laini yako, na kwenye laini hiyo pana pesa zako za maziwa. Tena laini ile haikufungua kamera tu. Ilifungua pesa za marehemu, ambazo kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hazishikwi na yeyote kabla ya taratibu za mirathi. Hata kama nia yetu ni safi, rekodi ingeonyesha kwamba siku fulani mtu alijifanya marehemu akachukua laini yake. Akasema, "Haya, mwanangu. Basi fanya upesi hiyo njia yako ndefu."

Kitufe cha shimo dogo

Fundi wa mjini alishauri tuingize sindano kwenye tundu la nyuma, tubonyeze sekunde kumi, kamera irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ni ushauri wa kawaida, na kwa ruta hufaa. Kwa kamera za aina hii haufai, na ni vizuri tujue kwa nini.

Kamera yenyewe haimjui mwenyewe. Inajua tu jina la waifai na anwani ya seva. Anayejua mwenyewe ni seva ya kampuni, ambako kuna jedwali: kifaa nambari fulani ni cha akaunti fulani. Sindano hufuta yaliyomo ndani ya kamera, lakini ule mstari wa jedwali unabaki. Ukijaribu kuisajili kwa akaunti mpya, utaambiwa kifaa hiki tayari kina mwenyewe. Imewekwa hivyo makusudi ili kamera ya wizi isiuzike. Kwa hiyo hatukubonyeza. Tulitia kadi mpya, kamera ikaikubali, ikaendelea kurekodi gizani bila mtazamaji. Binamu akawa anaichomoa kila asubuhi na kuikagua.

Barua tatu

Kampuni sitaitaja. Barua yangu ya kwanza ilieleza yote, ikiwa na cheti cha kifo, risiti ya duka na picha ya kibandiko chenye nambari ya kifaa. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: bonyeza "nimesahau nywila". Ni mashine iliyojibu. Nikaandika tena, akajibu binadamu, mpole sana: tafadhali thibitisha kwa tarakimu tulizotuma kwenye simu ya mwenye akaunti. Tukawa tunazunguka mti ule ule.

Usiku huo nilikaa nikajiuliza: ningekuwa mimi ndiye mhudumu, ningeweza kukubali ombi gani bila kumdhuru mtu? Kufungua akaunti ya mwingine ni jambo kubwa. Humo mna video zote, pengine na kamera nyingine, na hadithi ya msiba hata mwizi anaweza kuitunga. Lakini sisi hatukuhitaji akaunti. Tulihitaji kamera tu. Barua ya tatu ikawa ya mistari mitano: hatuombi kuingia katika akaunti hii wala kuona kilichomo. Tunaomba mfute mstari unaoifunga kamera hii na akaunti hiyo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kusonga. Waliomba picha ya kibandiko cha kamera ikiwa kando ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono nambari ya ombi letu na tarehe ya siku hiyo. Kwa njia hiyo walijua kamera iko mikononi mwetu sasa, wala si picha iliyookotwa. Kisha walituma arafa kwa nambari ya zamani na kusubiri siku 14 kama kuna atakayepinga. Nimeupenda utaratibu huo, ingawa siku zile 14 zilikuwa ndefu kwa mtu anayesikiliza mbwa.

Kulikuwa na sharti moja. Kamera ikiachanishwa na akaunti, video zake zilizohifadhiwa kwenye seva zinafutwa. Za kadi tulikuwa nazo, lakini kwenye seva huenda zilikuwepo za nyuma zaidi. Sikutaka kulijibu hilo mimi. Nilimsomea mama mdogo barua neno kwa neno. Aliuliza kama wanaweza kumpa kwanza, nikamwambia wamekataa. Akauliza zile za kadi ni ngapi. Nikamwambia siku kumi na mbili, na karibu kila asubuhi yumo, anafungua lango kwa ajili ya gari la maziwa. Alinyamaza kidogo, akasema waendelee. Siku ya 15 kamera ikasajiliwa kwa jina lake, kwa simu yake, kwa barua pepe yake.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Weka barua pepe kwenye akaunti pamoja na nambari ya simu. Arafa huenda kwa laini, haiendi kwa mtu, na laini iliyolala muda mrefu inaweza kupewa mteja mwingine. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa 2017, iliweka arafa kati ya njia za uthibitisho zenye masharti.

2. Afadhali tumia programu ya kuzalisha tarakimu. Zile zinazofuata kanuni ya RFC 6238 ya mwaka 2011 hupiga hesabu kwa siri iliyomo simuni na saa, kila sekunde 30, na hazihitaji laini wala intaneti. Chapisha zile nambari za akiba unazopewa mwanzoni.

3. Jua tofauti ya mtazamaji na mwenyewe. Kumwalika mkeo au mumeo atazame hakumfanyi kuwa mwenye kamera. Kama programu inaruhusu wenyewe wawili, waandike wote.

4. Fundi asifungue akaunti kwa nambari yake. Akifanya hivyo, kwa seva ile nyumba yako ni yake.

5. Risiti na picha ya kibandiko viwekwe pamoja na hati ya shamba.

6. Ukinunua, uliza kama kamera inatii ONVIF, muungano wa viwango ulioanzishwa 2008, au inatoa picha kwa RTSP. Kamera kama hiyo unaweza kuitazama kwa tarakilishi yako mwenyewe bila kupita kwa kampuni. Ila badilisha nywila ya kiwandani! Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi mno kwa orodha ya nywila za kiwandani zipatazo 60 tu.

7. Ukizungushwa, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, humpa mtu haki ya kupata data inayomhusu, na malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Data, Nairobi.

Yule wa koti refu hajarudi hadi ninapoandika haya, na komeo limebadilishwa. Wiki ijayo, inshallah, nitaeleza jinsi ya kutengeneza mtambo mdogo wa kuhifadhia video nyumbani kwa tarakilishi kuukuu. Kama unayo moja inayokusanya vumbi, usiitupe bado.

Wasalaam.