Ghorofa ya Juu, Mkomani

Ukishuka botini kutoka Mokowe, unapanda ngazi chache za gati na tayari umo katikati ya punda, wachukuzi, mifuko ya saruji, kreti za soda na harufu ya samaki. Honi hakuna. Mimi nimezoea matatu za Mombasa, na siku ya kwanza Lamu masikio yangu yalikuwa kama yamezibwa pamba, mpaka yalipoanza kusikia kwato.

Nilikuja kumsindikiza binamu yangu. Amefanya kazi Dubai miaka 11, ameweka akiba, sasa anataka nyumba. Wenzake wananunua ploti Mtwapa na Kikambala. Yeye anataka nyumba ya mawe, ya kale, ndani ya mji wa kale. Nilimwambia ana wazimu kidogo. Hakubisha.

Dalali alituambia tukutane Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na sasa kazi yake kubwa, kwa nilivyoona asubuhi ile, ni kuwapa wazee kivuli. Soko liko ubavuni mwake. Embe zimepangwa mafungu matano matano, nazi zinafuliwa papo hapo, papa mkavu ananing'inia, na paka wenye miguu mirefu wamekaa chini ya meza za samaki kwa subira ya watu wanaongoja mshahara. Binamu yangu alinunua tikiti maji tusilolihitaji. Ilibidi nilibebe.

Kutoka hapo tukaingia Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na pwani, penye maduka ya vitambaa, halua na mafundi wa fedha. Mlangoni kijana alikuwa akishona kofia, tundu moja baada ya jingine, bila kuangalia sindano. Kisha, mtaani Mkomani, dalali akakata kushoto na anga likawa ukanda mwembamba juu ya vichwa vyetu. Nilinyoosha mikono, vidole vikagusa kuta za pande zote mbili. Mtaro wa maji machafu ulipita katikati ya miguu yetu ukielekea baharini, na sitasema ulinukia udi. Mji wote wa kale, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni hekta 16 hivi. Mtu mwenye haraka angeuzunguka wote asubuhi moja, ila haraka haiwezekani: kila pembe kuna salamu ya kujibu na punda wa kupisha.

"Ndooni, ndooni," sauti ya mwanamke mzee ilitupokea kabla hatujapiga hodi.

Alikuwa ameketi dakani. Daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana, pahali ambapo si njiani na si ndani. Mgeni wa kiume huishia hapo, au akipandishwa cheo hupelekwa sabule, chumba cha wageni. Nyuma ya bibi kulikuwa na mlango wa mbao wa vipande viwili, mfaa wake wa kati umechorwa nakshi zilizolainishwa na mikono hadi zinakaribia kufutika. Alituuliza sisi ni wa nani. Hakuuliza majina. Binamu yangu akataja nyanya yake, kisha mji wa nyanya yake, na bibi akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa pasi ya kusafiria akaikuta sawa.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba bibi hauzi chochote. Yeye ni mwenye nyumba ya chini. Inayouzwa ni ya juu.

Lamu neno "nyumba" lina ujanja wake. Zamani, katika jamaa zenye uwezo, binti akiolewa hakuhama. Mume ndiye aliyehamia kwao. Baba akiwa na binti wa pili alijenga ghorofa juu, au alivusha chumba juu ya kichochoro kikaungana na nyumba ya pili. Chumba hicho cha hewani huitwa wikio, nasi tulikuwa tumepita chini ya vitatu bila kujua kwamba tunapita chini ya vitanda vya watu. Vizazi vikipita, juu huwa na mwenyewe, chini mwenyewe, na ngazi ni ya wote.

Tukapanda. Ngazi zilikuwa za mwinuko mkali, na ukutani palikuwa na alama nyeusi ya viganja kwenye kila kona. Juu, chumba kimoja kilikuwa nyuma ya kingine: misana miwili, vyumba virefu, kisha ndani, kila kimoja na giza zaidi ya kilichotangulia. Ukuta wa matumbawe ulikuwa mnene karibu nusu mita. Katika chumba cha ndani, zidaka zilipanda safu juu ya safu hadi karibu na dari, vishubaka vya lipu vilivyokatwa kwa ustadi wa mshona lesi. Humo ziliwekwa sahani za Kichina na vitabu. Siku ile mlikuwa na betri mbili za redio na chupa ya mafuta ya nywele. Vyumba kama hivi, vya ndani kabisa, ndimo walimozaliwa watu, na ndimo walimooshewa maiti.

Binamu yangu alitoa futi ya kupimia. Upana: mita 2 na sentimita 60. Akapima chumba cha pili. Ni ule ule.

"Utapata huo huo mji mzima," fundi aliyekuja na dalali alisema akionyesha juu. "Ni boriti hizo."

Boriti za mkoko hubeba sakafu ya mawe na chokaa, na mti haubebi uzito huo ukizidi mita 3 hivi. Msitu ndio uliowapimia vyumba. Miti hiyo hiyo ilisafiri kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Binamu yangu alicheka. Alisema huko Dubai aliwahi kupelekwa kuangalia nyumba ya makumbusho, akaona boriti kama hizi, na hakuna aliyemwambia zilitoka wapi.

Boriti mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukuta mmoja ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, na hapo ndipo nyumba ilipokuwa ikiumwa. Saruji huzuia jiwe kupumua, chumvi inakusanyika nyuma yake, na lipu inabambuka vipande vya ukubwa wa chapati. Fundi alikigonga kimoja kikaanguka. Dawa ni kubandua yote na kurudia kwa chokaa.

Kuhusu makaratasi, dalali alitoa mfukoni orodha iliyokunjwa mara nne. Mwenye ghorofa alifariki akaacha warithi tisa, mafungu mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke. Kadhi alikwisha kugawa. Saini saba zimepatikana. Mrithi mmoja yuko Muscat na hashiki simu. Mwingine yuko mtaa wa pili na hasemi na ndugu zake. Binamu yangu aliuliza yupi ni mgumu zaidi. Dalali hakufikiri: "Wa mtaa wa pili."

Mtu asiye raia, tangu Katiba ya 2010, hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Hilo halijawazuia wageni wa Ulaya kuchukua nyumba nyingi hapa, na hasa kule Shela. Wengi wamezitengeneza vizuri kuliko sisi, lazima nikiri. Lakini nimepita mbele ya nyumba hizo, nikaona madaka yaliyofungiwa geti la chuma, mabaraza yana vumbi, hapana pa mzee kukaa.

Tuliposhuka, bibi alikuwa amekwisha kulikata tikiti letu na kuwagawia watoto watatu nisiojua walitoka wapi. Binamu yangu akamweleza kitanda alichonunua Dubai: futi sita kwa sita na nusu, kimeshalipiwa usafiri.

Bibi alitazama ngazi, akatazama mikono yangu.

"Kitanda huundwa huko juu," alisema. "Hakipandi, wala hakishuki."

Fundi alikuwa barazani akihesabu kwa vidole. Mchanga, chokaa, mawe, kifusi cha kutoa. Nilidhani angetaja shilingi. Akasema punda 340, pengine 360 mvua ikiwahi. Binamu yangu akaniomba kalamu.